Ofisi Inayouliza Miti ni ya Nani

Siku niliyopewa kadi ya kazi yenye jina langu naikumbuka vizuri kuliko siku ya matokeo yangu ya kidato cha nne, na sababu unaijua, matokeo yale hayakuwa ya kukumbukwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilisimama nje ya ofisi ya udalali kule Kiembe Samaki, jua la saa saba, nikawa naigeuza ile kadi mbele na nyuma. Imeandikwa: Zuhura, wakala wa nyumba na viwanja. Nikaipiga picha nikamtumia mama. Akanijibu, "Hongera. Mkuu wako nani?" Nikamwandikia kwamba pale kila mtu ni bosi wa nafsi yake.

Mwanangu, umeniuliza ofisi gani uingie, nami nimecheka kwanza, maana mimi mwenyewe sokoni bado naitwa binti. Nasaha ni za watu wenye mvi. Lakini udalali niliuanza mapema na nikakosea mapema, kwa hiyo katika jambo hili moja niache niwe mzee wako.

Ofisi zilizokubali kunisikiliza zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya Bi Salma, Malindi, ndani kabisa ya Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho baiskeli mbili zikikutana mmoja lazima ashuke. Chumba kimoja, feni moja, viti vya plastiki. Bi Salma ni mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa uzi, na amekuwa dalali tangu hajaolewa. Nilimwamkia, akaitikia, wala hakuniuliza cheti. Alinipa funguo akanambia niende Bububu nikaangalie nyumba ya kupangisha, halafu nirudi nimweleze nilichokiona.

Nikarudi na maelezo yangu nimeyapanga: vyumba vitatu, marumaru mpya, jiko pana, choo cha ndani.

"Maji yanatoka siku gani?" akaniuliza.

"Bomba lipo, Bi Salma."

"Bomba nnalijua. Nakuuliza maji."

Sikujua.

"Jirani wa ukutani nani?"

Sikujua pia.

"Na ule mlango wa uani unafungukia wapi?"

Huo mlango sikuuona kabisa.

"Haya," akasema, "basi wewe ulikwenda kuangalia marumaru." Hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayesoma bei. Kisha akanipa masharti yake. Miezi mitatu nitafuatana naye kila anapokwenda, nitashika tepu ya kupimia, sitazungumza na mteja peke yangu, na kadi sitapewa mpaka aone nimejua kuangalia. Nilimwambia nitafikiri. Sikufikiri hata mpaka mwisho wa kichochoro.

Ofisi ya pili ni hiyo ya Kiembe Samaki. Mlango wa kioo, kiyoyozi cha kukutia mafua, fulana zenye nembo, mashine ya kahawa. Mwenyewe anaitwa Bwana Faraji. Mahojiano yalichukua muda wa kumaliza soda. Aliniangalia akasema, "Wewe una uso wa mauzo," na kesho yake kadi ikawa tayari. Si mtu mbaya, usinielewe vibaya. Ijumaa alikuwa akitununulia aiskrimu sote. Ni mtu wa haraka tu. Na yale maneno yake ya kila mtu ni bosi wa nafsi yake, mimi niliyachukua kuwa sifa. Maana yake nilikuja kuijua baadaye: kwamba siku ukikwama hakuna atakayekuja.

Lakini wakati ule nani angenambia? Nilikuwa nikitembea na ile kadi nimeshachagua rangi ya mapazia ya nyumba nitakayojijengea.

Mwezi wa pili nikapata kiwanja cha Kidichi. Mwenyewe ni Mzee Haji, anahamia kwa mwanawe Pemba, anataka kuuza. Alinitembeza mpaka kwa mpaka. Kulikuwa na mishokishoki mitano imesimama safu moja, imezaa mpaka matawi yanainama, matunda yake ya manyoya mekundu matupu, na mdoriani mkubwa pembeni. Nilipiga picha kama za harusi. Nikatangaza kwenye simu: kiwanja na miti yake ya matunda. Simu haikupumzika.

Waliowahi ni mume na mke, walimu wote wawili, Mwalimu Suleiman na Mwalimu Asya. Walikuwa wakihama nyumba za kupanga kila baada ya mwaka na walikuwa wamechoka. Siku niliyowapeleka, Asya alisimama katikati ya majani akasema, "Jiko hapa," na mumewe akasema, "Hata msingi hatujachimba, wewe ushapika." Nilifurahi kama nyumba ni yangu.

Ndipo akaja bibi mmoja kashika upembo wa kuchumia matunda na kikapu. Jina lake Bi Mwanakhamis.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kuangalia ardhi ya Haji?"

"Ndiyo, bibi."

"Nzuri. Na miti yangu mmeionaje?"

Mwanangu, wewe ni wa mjini kama nilivyokuwa mimi, basi nikwambie. Huku mashamba, ardhi inaweza kuwa ya huyu na miti ikawa ya yule. Miti ile aliipanda marehemu mume wa Bi Mwanakhamis, kwa ruhusa ya baba yake Mzee Haji, na tangu hapo kila msimu bibi anachuma, anapeleka sokoni Darajani kuuza, na hayo ndiyo maisha yake. Karatasi hakuna. Kidichi nzima inajua. Asiyejua ni mimi.

Nikamgeukia Mzee Haji, aliyekuja nyuma ya bibi. "Mzee, mbona hukunambia?"

"Hukuniuliza," akasema, na kweli alishangaa. "Uliuliza mpaka, nkakuonesha mpaka. Nkadhani dalali mambo ya miti anayajua."

Mwalimu Suleiman akaniangalia kwa upole ambao uliniuma zaidi. "Zuhura, sisi tunanunua nini hasa?"

Saini ilikuwa Alhamisi.

Nilirudi ofisini nikamweleza Bwana Faraji. Alinisikiliza huku anajibu ujumbe.

"Hiyo miti imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa."

"Basi haipo. Alhamisi watie saini. Wakishaingia watamalizana wenyewe na huyo bibi."

"Bosi, twende basi ukaione mwenyewe."

"Kidichi? Na foleni hii? Mie nna wateja wa Nungwi, Zuhura. Wewe si bosi wa nafsi yako?"

Nilikaa pale kwenye kiyoyozi najiona mdogo. Nilimfikiria Bi Mwanakhamis anafika msimu ujao na upembo wake, anakuta ukuta. Nikamfikiria Asya ndani ya ukuta huo, hajui kosa lake. Tangazo lilikuwa na jina langu.

Miguu ikanipeleka Malindi. Bi Salma alikuwa peke yake. Nilimwambia yote, hata lile la picha za harusi. Nilitegemea anionee huruma.

"Mkuu wako amekwenda kukiona hicho kiwanja?"

"Hajafika hata siku moja."

"Basi huyo si mkuu wako. Huyo ni mwenye kiyoyozi." Akavua miwani. "Lakini usimtie makosa yeye peke yake. Ulisimama chini ya mti, ukaupiga picha, ukautangaza, na hukuuliza ni wa nani. Bububu hukuuona mlango, Kidichi hukuuliza mti. Kosa ni lile lile, na safari hii linamgusa mtu."

Nikainama. Nikasema, "Bi Salma, ichukue wewe kazi hii."

"Sichukui mteja wa mwenzangu, na mie usinitie kwenye aibu hiyo."

"Basi nifundishe tu."

Akasogeza kiti cha plastiki kwa mguu. "Haya, kaa."

Akanifundisha. Wanunuzi niwaeleze mwenyewe haki yote ya bibi, kwa mdomo wangu, kabla hawajaisikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Mwenye ardhi, mwenye miti na wanunuzi niwakutanishe kwa sheha, yaani mkuu wa mtaa wao, pawe na mashahidi na paandikwe. "Na Faraji," akasema, "umwambie kabla hujafanya, si baada. Kumzunguka mtu aliyekupa kazi nako ni uongo."

Lile ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Nilikwenda asubuhi yake nikamwambia Bwana Faraji kwamba nitawaeleza wateja. Akacheka kidogo. "Ukiwaambia wakikimbia, kadi zako uziache mezani." Nikaona nisisubiri wakimbie. Nikaziacha boksi zima pale pale. Nililia kidogo kituoni, sikufichi, nikanunua muhogo wa kuchoma, nikanyamaza.

Walimu niliwakuta wanasahihisha madaftari. Nikawaambia wazi kwamba miti ni ya bibi hata bila karatasi, na kwamba badala ya kutia saini Alhamisi twende sote kwa sheha. Nilipomaliza, Mwalimu Suleiman alifunga daftari lililokuwa mbele yake. Asya ndiye aliyeuliza, "Kwa nini unatwambia? Ungesema miti haina karatasi, haihesabiki, tungetia saini."

"Kwa sababu kule mtakaa nyinyi na yule bibi," nikasema. "Mimi ningeshaondoka."

Akamtazama mumewe. "Jumamosi hatuna masomo," akasema.

Nikampigia Bwana Faraji nikamwambia kikao ni Jumamosi kwa sheha, na kazi bado ni ya ofisi yake. Mwanangu, alikuja. Alichelewa, kavaa miwani ya jua, lakini alikuja. Na Bi Salma naye nikamwona anaingia barazani, anasema alikuwa anapita tu. Kutoka Malindi, mtu hapiti tu Kidichi.

Sheha akamuuliza bibi anataka nini.

"Ardhi siitaki," akasema Bi Mwanakhamis. "Nataka nikija na kikapu nisikute geti limefungwa."

Asya akasema, "Bibi, ufunguo mmoja wa geti utakuwa wako. Nyumba tutaisogeza upande wa barabara, miti tusiiguse. Lakini doriani, bibi..."

"Doriani imefanya nini?"

"Harufu yake inanishinda."

"Mwalimu mzima unaogopa tunda?" Baraza zima likaangua kicheko, hata sheha akaweka kalamu chini. "Haya, mdoriani nnakupa weye. Ukate, uule, shauri yako. Mishokishoki yangu mitano, na itabaki mitano."

Ikaandikwa hivyo: miti mitano ni ya Bi Mwanakhamis na warithi wake, njia ya kuifikia haizibwi, ardhi ni ya walimu. Bibi alitia dole gumba, akaliangalia dole lenye wino, akapiga kigelegele kimoja kirefu, na wanawake waliokuwa uani, ambao hata hawakujua kimetokea nini, wakamwitikia.

Sheha akauliza nani aliyeileta habari ya miti. Mzee Haji akaninyooshea kidole. "Huyu hapa, mtoto wa mjini." Mzee mwingine aliyekuwa shahidi akasema ana kiwanja chake Bububu, anaogopa madalali, nimpe namba. Mwingine naye akataka. Kadi sina. Nikawaandikia viganjani kwa kalamu ya sheha, nacheka huku machozi yananilengalenga.

Tulipotoka, Bwana Faraji akavua miwani yake. "Zuhura, Jumatatu urudi. Boksi lako nimekuwekea, na fungu lako la mauzo ntakuongezea." Alisema kwa moyo safi, naamini.

Bi Salma alikuwa anafunga viatu vyake. Hata hakuinua kichwa. "Kwangu Jumatatu saa mbili," akasema. "Kadi hakuna. Na tepu utashika wewe."

Niliwatazama wote wawili. Nikamshukuru Bwana Faraji, nikampa mkono, kisha nikamwambia Bi Salma, "Saa mbili kasorobo nitakuwa mlangoni."

Ile miezi mitatu ilikuwa mitano, maana nilichelewa kujua kuangalia. Leo mtu wa Kidichi au Bububu akitaka kuuza, mara nyingi anaanza kwa kuniuliza mimi, na nilipoanza kumfundisha kazi mgeni wangu wa kwanza, Bi Salma alinyamaza siku nzima asinisahihishe. Kwake yeye hiyo ni nishani.

Basi, mwanangu, ukienda kuomba kazi ya udalali, kioo na kahawa vifurahie, si dhambi, lakini usivihesabu. Muulize mwenye ofisi mara ya mwisho alikwenda lini kukiona kiwanja kwa miguu yake. Muulize ukikosea nani atafuatana nawe kwenda kurekebisha. Angalia mgeni mwenzako aliyeanza kabla yako, je, kuna mtu anayemfundisha au kaachiwa simu tu? Fungu kubwa la kazi usiyoijua ni fungu la makosa yako mwenyewe. Anayekuchelewesha ili ujue, mvumilie, huyo anakupenda. Na kama umeshaingia pasipo sahihi, kama mimi, usione haya kutoka. Toka kwa adabu, umwambie mtu usoni, usimwibie mteja wake.

Nakuombea Mwenyezi Mungu akukutanishe na mkuu asiyeogopa jua, akupe macho ya kuona na ulimi wa kuuliza, ailinde nafsi yako na haraka, na kila nyumba utakayompatia mtu, mwenyewe na jirani zake walale humo kwa amani. Amin, mwanangu. Nenda, utafika.