Moshi Mweupe wa Pikipiki ya Baba

Harufu ya mafuta ya injini yanayoungua hunikuta popote nilipo, na nimekuwa mahali pengi. Nimelala Ndola, Kigoma, Bujumbura, katika vyumba ambavyo leo siwezi kukumbuka hata milango yake. Lakini pikipiki kuukuu ikipita inafuka, narudi Kamina, na narudi kwa njia ile ile ya kwanza: mtumbwi kutoka Kinkondja, kisha mashua hadi Bukama nikiwa nimelalia mafungu ya samaki wakavu, kisha garimoshi, mama akinifuta masizi machoni kwa ncha ya kitenge. Baba, aliyetangulia kutafuta kazi, alitungoja stesheni, mweusi kwa makaa, akicheka.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Baba alikuwa mchochea moto kwenye garimoshi. Pikipiki yake ilikuwa imeshazeeka alipoinunua, lakini Jumapili aliiendesha hadi kanisani polepole mno, mama ameketi nyuma, mimi mbele juu ya tangi, ili watu wapate nafasi ya kutuona.

Asubuhi moja ikaanza kutoa moshi bila taarifa. Ulikuwa mweupe, una buluu kidogo, mzito, ukajaa uani mpaka kuku wakakimbia. Jirani yetu alimpazia baba sauti kutoka kwake, kama rafiki kwa rafiki:

"Mulunda! Umeleta lokomotivi ku nyumba? Na reli iko wapi?"

Baba alicheka. Kusoma moshi ilikuwa kazi yake. Kwenye garimoshi, mweusi ndio mbaya, maana makaa hayaungui vizuri. Mweupe ni mvuke tu, unapita.

"Maji imeingia mu esansi," alituambia, maana yake petroli. "Itakauka yenyewe."

Haukupita muda klachi nayo ikaanza kuteleza: injini inanguruma, gurudumu linajivuta kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Baba akakaza waya. Ikateleza tena, akakaza tena. Kwake yalikuwa magonjwa mawili, kila moja na dawa yake. Mama, aliyezoea kumshikia kopo la mafuta, aliinama akatazama chini ya pikipiki.

"Kila mara tunatia mafuta ku klachi, na hapa chini hakuna hata tone. Inakwenda wapi?"

Baba alikuwa anafuta mikono. Akachukua tena spana, akakaza waya.

Ndipo habari ikaja. Watu wa reli walipelekeana habari kwa mdomo, garimoshi moja hadi jingine, na dereva aliyetoka Bukama alimwita baba penye tangi la maji: "Mama yako iko mugonjwa sana. Anakuita."

Nkambo, yaani bibi yangu mzaa baba, aliishi kijijini upande wa Kabondo-Dianda, mbali na reli. Baba aliomba ruhusa, akaondoka alfajiri. Moshi ulibaki juu ya barabara muda mrefu baada ya yeye kupotea.

Alirudi ndani ya behewa la mizigo, pikipiki pembeni yake, mashavu yameingia ndani. Klachi ilikuwa imeungua njiani. Angeweza kuiacha pikipiki kwa watu na kwenda kwa miguu. Yeye aliisukuma, mchangani na matopeni, na alipofika, watu walikuwa wanatoka makaburini.

Shangazi, dada yake, alikuja naye kwa ajili ya kilio cha kwetu Kamina. Mbele ya watu wote akamwambia, "Weye ulipenda ile chuma kupita mama. Miguu haukukuwa nayo?"

Baba alivuta kiti, akamkalisha. Nikakua nikiamini shangazi amesema kweli.

Leo najua ugonjwa ulikuwa mmoja. Kati ya klachi na injini ya pikipiki ya namna ile kuna mpira mdogo unaozuia mafuta. Ukichakaa, injini hunywa mafuta ya klachi na kuyatoa kama moshi, nayo klachi hubaki kavu, ikaungua. Swali la mama lilikuwa limeshagusa penyewe. Lakini garimoshi halina klachi. Halikuweza kumfundisha baba jambo hilo.

Siku niliyoondoka Kamina moja kwa moja, nilikuwa nimemaliza sekondari. Baba alisimama mbali kidogo, akizungumza na wenzake. Nikiwa dirishani nilimuuliza mama kile ambacho hakuna aliyekiuliza nyumbani: kwa nini baba hakuiacha tu pikipiki njiani, safari ile ya kwa nkambo?

Mama alinishangaa. "Alikwenda kumuleta nkambo yako huku, ku lopitalo, dokta amuone. Alifunga hata mto ku kiti ya nyuma. Kama aliacha pikipiki, angemubeba na nini? Hata imekufa, angemusukuma juu yake."

Garimoshi likatikisika. Nilichungulia nikaita, "Baba!" Hakusikia. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa lokomotivi, akisikiliza kama inavuta vizuri, kwa sababu safari hii ilikuwa imembeba mwanawe.

Sikumwona tena.