Watergate Yetu ya Erdington

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nainamisha kichwa. Juzi ulinionyesha kazi yako ya shule kuhusu Watergate, ukaniuliza vipi rais wa Marekani, mtu mwenye majeshi na ndege, aliangushwa na kisa cha watu wachache waliovamia ofisi ya wapinzani kutega vinasa sauti. Nilikujibu kwa kifupi. Sikukwambia kwamba mimi baba yako niliwahi kufanya jambo kama hilo, hapa hapa ughaibuni, mtaani kwetu Erdington.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka Nairobi majuzi, najiona mjanja. Jumuiya yetu ya wahamiaji ilikuwa na uchaguzi, nami nilimpigia kampeni Bwana Farah awe mwenyekiti. Wapinzani wetu walikutana kila Jumamosi katika ukumbi wa jumuiya. Nikanunua kinasa sauti kidogo kinachojiwasha kikisikia watu, nikakificha nyuma ya pazia. Mara ya kwanza nilisikia mipango yao yote, nikacheka. Mara ya pili kanda ilikwisha katikati ya mkutano, kile kidude kikajizima kwa mlio. Wakainua pazia.

Ufunguo alikuwa nao Mama Furaha, mama wa Bukavu aliyekimbia vita, ambaye ndiye aliyesafisha ukumbi. Aliulizwa nani aliingia, akasema kweli: "Huyu kijana alikuja asubuhi, akasema anatafuta koti yake."

Watu wakanigeukia. Nikaapa, mwanangu. Nikasema sikukanyaga pale siku hiyo.

Lawama ikamrudia Mama Furaha, mwenye ufunguo. Alinitazama tu, akauweka ufunguo mezani, akatoka. Bwana Farah akaninong'oneza, "Nyamaza, upepo utapita."

Niliishi kwa ami yangu, Mzee Abdi. Siku ya tatu, baada ya swala ya alasiri, aliniita.

"Nilipokuwa kijana Isiolo," akasema, "redio ilitutangazia habari za yule rais wa Watergate mwezi baada ya mwezi. Angekiri mapema, huenda watu wangemsamehe. Alichagua kufunika. Kila uongo ukadai mwenzake, mpaka kanda zake mwenyewe zikamtolea ushahidi. La kuvunda halina ubani. Na wewe je, umefunika kosa lako kwa kitu gani? Kwa jina la mwanamke asiye na ndugu katika mji huu!"

Sikuwa nimemwambia lolote. Mpaka leo sijui alijuaje.

Jumamosi iliyofuata nilisimama ukumbini nikasema yote. Bwana Farah alinikana mbele ya watu, na hata hivyo akashindwa uchaguzi. Mimi nikaondolewa katika kila kamati, na kwa miaka mingi watu walinyamaza nilipoketi karibu nao. Niliyastahili.

Nikapanda ghorofa tisa kwa miguu kule mtaa wa Ladywood, lifti imeharibika, kumwomba Mama Furaha radhi. Alinikaribisha, akanimiminia chai.

"Miye nilijua, weye ulijua, na Mungu alijua," akasema. "Ilibakia tu useme."

Kamati ilikuwa imeniagiza nimrudishie ufunguo. Alinisamehe, lakini ufunguo aliukataa. "Mubaki nao," akasema. Hakurudi tena ukumbini, na hilo sikuweza kulitengeneza.

Basi sikiliza, mwanangu. Kukosea ni jambo la kila binadamu. Ukikosa, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajaadhibiwa kwa ajili yako. Usisikilize siri za watu kwa hila. Ukitaka kujua neno la mtu, muulize usoni. Na bwana anayekuambia unyamaze kwa faida yake, mwache aende peke yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwenyezi Mungu aunyooshe ulimi wako, akupe moyo wa kukiri haraka, na asimfanye mnyonge yeyote abebe mzigo wako. Amina.