Pole ya Fundi

Fundi yule haligusi gari kabla ya kuliambia pole. Siku hiyo mjane alimletea gari la spoti la marehemu mumewe. Kila likijazwa mafuta, pampu ya kituoni ilijikata kabla ya lita moja. Fundi akatega sikio kwenye mdomo wa tangi, macho kayafumba, kama anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Halikatai kunywa, mama. Limekosa pumzi."

Akachomoa mpira wa kupitishia hewa ya tangi, akauzibua kwa waya. Likatoka donge la udongo, kiota cha nyigu, na ndani vijitoto vyeupe vikijikunja.

"Halikutoka nje tangu mwenyewe aondoke, hadi juzi," mjane alisema, kama anayeomba radhi.

Fundi alikibeba kiota kwa viganja vyake vya grisi, akakiweka dirishani taratibu.

"Poleni," alisema. "Poleni nyote."