Mwalimu Kwaya na Kidole Kilichofika Mezani

Wifi yangu alikuwa mwalimu wa madarasa ya chini, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu Kwaya. Jina hilo alilipata kwa haki. Ukipita karibu na shule asubuhi ungesikia darasa lake likisoma kwa sauti moja mpaka vioo vinatetemeka. Yeye alisimama mbele na rula, akagonga ubao, na watoto wakaanza: "Baba ana ng'ombe. Ng'ombe anakwenda mtoni. Ng'ombe anakunywa maji." Wazazi tulisimama kwenye uzio tukaona watoto wetu wameshakuwa watu. Mimi sikukanyaga darasa maishani mwangu, kwa hiyo kwangu mimi kusoma kulikuwa ni hiyo sauti.

Mwanamke huyo ndiye aliyenivunjia nyumba. Sikisii. Aliyasema mbele yangu, amekaa kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu.

"Kaka, wewe sasa ni mtu wa ofisini," alimwambia mume wangu. "Utakaaje na mtu anayeshika gazeti kichwa chini?"

"Gazeti hilo nafungia sabuni," nikasema.

"Si ndivyo ninavyosema, wifi? Kwako gazeti ni la kufungia sabuni."

Mume wangu alicheka kwanza kwa aibu, kisha akacheka vizuri. Haukupita muda akahamia kwa karani mmoja mwenye miwani, shoga wa dada yake. Mimi nikabaki na binti yetu na udobi wangu. Nafua mashuka ya nyumba za wageni, naanika uani, nanyoosha kwa pasi ya mkaa.

Binti yangu alipoingia darasa la shangazi yake, nilimfulia sare nikampeleka. Shule ilikuwa moja. Na mtoto alipendwa, tena sana, kwa sababu alikuwa na koo. Sauti yake ilipita juu ya wenzake wote, na shangazi akamweka mbele awaongoze. Akija mgeni, anaitwa yeye. Anafungua kitabu, anakishusha kitabu chote kama mvua, na wageni wanapiga makofi. Hivyo akapanda mpaka darasa la tatu.

Ndipo serikali ikaleta sheria mpya. Ilisemwa kwenye mkutano wa wazazi kwamba wataalamu wamechunguza na kuona watoto wanaimba vitabu badala ya kuvisoma. Kuanzia sasa mtoto afundishwe sauti ya kila herufi, aziunganishe mwenyewe, na hakuna atakayevuka darasa la tatu bila kusoma peke yake ukurasa ambao hajawahi kuuona. Mwalimu Kwaya alikaa mbele akijipepea. "Waje," alisema. "Darasa langu linasikika mpaka sokoni."

Mkaguzi akaja. Siku hiyo nilikuwa nimerudisha mapazia ya ofisi ya mwalimu mkuu, nikasimama kwenye mlango wa darasa na furushi langu kichwani. Kama kawaida, aliyeitwa kwanza ni binti yangu.

"Nisomee mstari huu wa tatu," mkaguzi akasema. Alikuwa mzee mpole, sauti yake nyembamba.

Mtoto akaanza, "Baba ana ng'ombe."

"Huo ni wa kwanza, mama. Nataka huu hapa."

Akaanza tena, "Baba ana ng'ombe."

"Haya, anza unapotaka, lakini weka kidole kwenye kila neno unalosoma."

Akaweka kidole. Akisema "ba" kidole kinaruka neno moja, akisema "ba" ya pili kinaruka lingine. Sauti ilikwenda pole pole na kidole kikakimbia. Kikamaliza mstari, kikashuka, kikatoka kwenye kitabu, kikafika mezani, na ng'ombe hajafika hata mtoni. Darasa likacheka. Mkaguzi akatoa ukurasa mgeni wenye picha ya kuku, picha yenyewe akaifunika kwa kiganja. Mtoto akautazama, akamtazama shangazi yake, akasema, "Baba ana ng'ombe."

Mwalimu Kwaya alikuwa ameniona pale mlangoni. Hakupunguza sauti.

"Huyu usimhesabu, mkaguzi. Ni mtoto wa kaka yangu, lakini kichwa ni cha mama yake. Yule pale, dobi. Muulize kama anaijua hata A."

Mkaguzi akanigeukia. "Mama, hujawahi kusoma?"

"A ndiyo ipi?" nikamjibu. Darasa likacheka tena, safari hii zaidi, na binti yangu akainamisha uso kwenye kitabu.

Tangu siku hiyo wakamwita Kaseti. Njia nzima ilikuwa "Kaseti, rudisha mwanzo" na "Kaseti, ng'ombe kafika?" Kila asubuhi alipelekwa kukaa na wa darasa la kwanza, magoti yamepita meza, chini ya mwalimu mpya, msichana mdogo aliyetoka chuoni juzi. Nyumbani alilia. Nikamwambia machozi hayatakatishi shuka, ashike upande wa pili tukamue. Siku nyingine nilimkuta amefumba midomo ananguruma, "Mmm, mmm."

"Tumbo?" nikamuuliza.

"Ni herufi," akasema.

Mwalimu Kwaya hakufanywa kitu. Mwalimu mkuu alimpeleka semina ya njia mpya ili tu asionekane na mkaguzi, naye akarudi anaitwa mwezeshaji, amevaa fulana nyeupe yenye maandishi ya bluu. Fulana hiyo akaileta kwangu. "Taratibu na maandishi, wifi, yasibanduke."

Nikaifua, nikaianika. Binti yangu akatoka shule, akapita chini ya kamba, akasimama mbele ya fulana. Midomo ikacheza.

"Kila. Mtoto. Asome. Peke yake." Akageuka. "Mama, hii ya shangazi?"

"Nani kakufundisha kusema hayo?"

"Sijafundishwa kuyasema. Yameandikwa."

Niliendelea kuanika. Sikumwambia mtu. Lakini tangu hapo mtoto alisoma kila kitu kilichoingia uani, karatasi za sabuni, chapa za kwenye pindo za mashuka, magazeti yangu ya kufungia.

Habari zilimfikia shangazi kupitia yule mwalimu mdogo. Akaja mbio, tukiwa tunakunja mashuka, mimi upande huu, mtoto upande ule.

"Wifi, siku ya wageni nitamsimamisha mtoto wetu."

"Amekuwa wetu lini?"

"Sikiliza basi. Wanakuja watu wa elimu na mkaguzi yuleyule. Walimwona hawezi, sasa watamwona anaweza, na mimi ndiye mwezeshaji wa hapa. Wakiridhika, nakuwa mratibu wa kusoma wa wilaya nzima. Na kwake yeye huo ndio mtihani wake. Akisoma, anakwenda la nne na wenzake. Kila mtu anapata chake."

"Na aliyemfundisha?"

"Yule bado mbichi. Zamu yake itafika."

"Na kichwa cha mama yake?"

"Wifi, bado umeyaweka hayo? Yalikuwa maneno ya kazini tu."

Binti yangu alivuta ncha zake za shuka kwa nguvu mpaka zangu zikanitoka mikononi. Mimi sikumtuma lolote. Watu wanasema nilimfundisha. Waseme.

Siku ilipofika, wazazi tulipangwa nyuma ya darasa. Mwalimu Kwaya alikuwa ndani ya fulana niliyoinyoosha kwa mkono wangu. Akaeleza jinsi alivyomtoa mtoto gizani, akatumia maneno ya semina, wageni wakaitikia kwa vichwa. Kisha akamwita. Mkaguzi akampa ukurasa mgeni.

Mtoto aliutazama kwa muda. Niliona midomo yake ikienda, niliona macho yakihama kutoka neno hadi neno, yakafika mwisho. Alikuwa ameshausoma. Akaweka kidole juu, akaitoa ile sauti yake ya zamani.

"Baba ana ng'ombe."

Kidole kikaanza kukimbia. Mtoto mmoja wa nyuma akacheka, mwingine akadakia, na kabla rula haijagonga ubao darasa zima lilikuwa linaimba, "Ng'ombe anakwenda mtoni," vioo vinatetemeka kama zamani.

"Nyamazeni," Mwalimu Kwaya akasema, na jasho likaanza kuchora mgongo wa fulana. "Wewe, soma kilichoandikwa hapo."

"Nasoma ulivyonifundisha, shangazi."

Mkaguzi akainua kalamu. "Mtoto huyu ana nini?"

Wifi yangu alifungua mdomo, macho yakanitafuta. Nikasimama.

"Ana kichwa cha mama yake," nikasema.

Yule mwalimu mdogo akaja mpaka nilipo, machozi yanamlengalenga. "Mama, anaweza, unajua anaweza. Mwambie asome. Atabaki mwaka mzima tena." Mkaguzi alisikia, akasubiri, kalamu bado iko juu. Neno langu moja lingetosha. Binti yangu alinitazama na hakunionyesha nimfanyie nini. Nikamtazama wifi yangu, mikono yake miwili imeng'ang'ania rula.

"Mwalimu alishasema hawezi," nikajibu. "Mimi nani nibishane na mwalimu?"

Mkaguzi akaandika.

Mwalimu Kwaya hakuupata uratibu, na darasa akanyang'anywa. Wamemweka stoo ya vitabu, anagawa chaki, na watoto wakipita dirishani kwake wanamwimbia ng'ombe. Kaka yake alikuja kunitukana uani, nikamwambia asikanyage nguo za watu. Fulana ilirudi kufuliwa na haikufuatwa tena. Napangusia pasi.

Shule ilipobandika matokeo ukutani, tulipita na furushi la mashuka. Nikamwambia binti yangu anisomee. Akaweka kidole.

"Wanafunzi watakaorudia darasa la tatu kwa kutojua kusoma," akasoma, akashuka mpaka kwenye jina lake, akalisoma nalo. Kidole hakikutangulia wala hakikubaki nyuma.

"Nisomee tena," nikasema.

Akanyanyua upande wake wa furushi. "Umeshasikia, mama. Mimi si kaseti."