Habari za Maji Zilivyomponza Raho

Jua la Garissa halijachomoza vizuri, na Raho Khalif ameshainama. Mkononi ana mfagio wa vijiti, mwilini fulana ya kijani yenye jina la kampuni mgongoni, na macho yake yako kwenye mchanga. Anaokota miiba ya mgunga na kuitupa kando, mbali na miguu ya watoto.

"Hapa jana alipita mtoto bila viatu," anasema, akionyesha alama ndogo njiani. "Alichoka, mama yake akambeba. Ona, kutoka hapa mguu ya mama imeingia ndani zaidi."

Anacheka kidogo, kisha anaifagia alama hiyo.

Saa mbili lango litafunguliwa. Familia zitafika kutoka mjini, mwendo wa nusu saa kwa gari, na chupa zao za maji na mikeka. Njia ni ya mzunguko, kilomita tatu hivi. Inafuata ukingo wa lagha, yaani mto wa msimu, inafika kwenye maporomoko, kisha inazunguka kichaka na kurudi langoni. Mtoto wa miaka minne huimaliza akiwa bado anaruka, na bibi yake pia, mradi asiharakishwe.

Maporomoko yenyewe si ya kutisha. Maji huruka kutoka kwenye mwamba usiozidi kimo cha watu wawili, na hudumu wiki chache tu baada ya mvua. Lakini kwa mtoto aliyezoea maji ya jerikeni, hayo ni maajabu ya Mungu.

Raho, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, ndiye aliyeifungua njia hii kwa panga. Leo analipwa shilingi mia tatu kwa siku kuifagia, siku tatu kwa wiki. Ni jambo chungu, na mwandishi hana sukari ya kulipaka.

Alizaliwa malishoni, upande wa Liboi, na huko akalea binti yake Hani baada ya mumewe kufariki. Ukame wa mwaka 2022 ulimkuta na mbuzi sitini na kumwachia wanne. Aliwachukua hao wanne na bintiye, wakahamia viungani mwa Garissa, mahali ambapo hakujua mtu wala kichaka.

Siku moja baada ya mvua, mbuzi mmoja alipotea. Raho akafuata nyayo zake hadi asikofika mtu.

"Nilisikia maji kabla sijaona," anakumbuka. "Nilifikiri ni lori."

Jirani yake, Mwalimu Fosia, aliposikia habari hiyo aliomba kuwapeleka wanafunzi wake wakati wa likizo. Raho akatumia miezi minne kukata vichaka, kupanga mawe ya kukanyagia na kuipitisha njia mbali na shimo la fisi. Wanafunzi wakaenda, wakarudi na wazazi wao. Wazazi wakawaambia wenzao wa maofisini, na kufikia msimu uliofuata Raho alikuwa na kazi.

Aliwaongoza yeye mwenyewe. Akiona wingu upande wa juu wa lagha aliwarudisha wote, hata kama wamebakiza hatua kumi, kwa sababu mafuriko ya lagha hayapigi hodi. Kila familia ilimpa ilichoweza.

Kisha akaja Abdiwahid.

Alikuja wakati wa kiangazi, peke yake, amevaa vizuri. Alisalimia kwa Kisomali, akaketi kivulini, akauliza "Warran?", yaani, lete habari.

Asiye mfugaji anaweza kudhani hiyo ni salamu tu, lakini kwa wafugaji ni deni la heshima. Watu wakikutana njiani hupeana habari zote: mvua imenyesha wapi, majani yako wapi, maji yako wapi, ugonjwa uko wapi. Kumficha msafiri habari ya maji ni aibu inayoweza kuwafuata hata wajukuu. Raho alilelewa hivyo.

Basi akatoa habari. Akammiminia mgeni maziwa, akamweleza mchana kutwa: maji huanza lini na kukauka lini, njia inapita wapi, mawe gani yanateleza, familia ngapi huja siku za mapumziko. Abdiwahid alisikiliza kwa adabu, simu yake ikiwa juu ya mkeka. Kesho yake akaomba kuonyeshwa, naye akamtembeza mzunguko mzima.

"Aliuliza kama mtu mwenye ngamia," anasema Raho. "Mimi nikasema yote. Hata shimo ya fisi nilimwonyesha, asipate shida."

Tenda wema nenda zako, walisema wahenga. Hawakusema utafanya nini mgeni akienda zake na wema wenyewe mfukoni.

Miezi mitatu baadaye zikaja nguzo, kisha waya, kisha lango. Abdiwahid alikuwa amekodi ardhi kwa karatasi halali. Kibao kikasimamishwa: Njia ya Familia. Mtu mzima shilingi mia tatu, mtoto mia moja.

Raho alikwenda kwa wazee. Baraza lilikaa asubuhi moja tu, na Mzee Kerrow, aliyeliongoza, alimuuliza maswali mawili. Je, mtu huyu alikulazimisha kusema? Hapana. Je, alikudanganya jina lake? Hapana.

Wazee wakaamua kwamba habari ya maji haina mwenyewe. Ni ya aliyeisikia sawa na ya aliyeisema. Wakamwomba Abdiwahid ampe mama huyu kazi, naye, kwa ukarimu wake mkubwa, akampa mfagio.

"Hata mimi iliniuma," Mzee Kerrow anamwambia mwandishi. "Lakini tukisema habari ya maji iko na mwenyewe, kesho watu wataficha. Wataanza kuuza. Na watu watakufa na kiu huko barabarani. Hiyo sheria ni kubwa kuliko Raho."

Abdiwahid, kwa simu, hana maneno mengi. "Sikuiba kitu. Niliuliza, nikajibiwa. Na kazi nimempa."

Kinachokera ni kwamba hakuna hata neno moja la uongo hapo. Raho mwenyewe hawalaumu wazee. "Ningekuwa mzee, hata mimi ningesema vile vile," anakiri, na mfagio unasimama kidogo.

Sikukuu ya Idd iliyopita alimleta Hani na wajukuu wawili waone maporomoko. Alikuwa amevaa nguo zake nzuri, bila fulana ya kijani. Mlinzi wa lango, Shuaib, kijana anayemheshimu sana, alishindwa kumtazama usoni.

"Mama, leo hujakuja kwa kazi," alimwambia. "Lazima mlipe. Nisamehe, wallahi, mimi ni mtu wa kazi tu."

Raho hakugombana naye. Aliwageuza wajukuu na kuwaambia maji yameisha. Watoto waliduwaa, maana walikuwa wanayasikia.

Hata hivyo, mwanamke huyu hajakaa na kulia. Mbali na waya huo, amegundua dimbwi ndani ya mwamba ambalo halikauki hata kiangazi. Maji huliingia kwa kutiririka juu ya jiwe laini, na watoto wanaweza kuteleza humo bila kuumia. Anataka kufungua njia ya pili, fupi kuliko hii, naye amejifunza: safari hii karatasi kwanza, panga baadaye. Mwalimu Fosia amemsaidia kuandika maombi kwa jina la kikundi cha akina mama kumi. Wanasubiri majibu.

Dimbwi liko wapi? Raho anavitazama viatu vya mwandishi, viatu vya mjini, kisha anauliza kama barabara ya Nairobi bado ina mashimo. Hata Fosia hajaonyeshwa.

Hapo ndipo linapotoka jambo ambalo anasema hajamwambia mtu.

Mwezi uliopita, saa sita mchana, alikuwa anatoka kwenye dimbwi hilo. Akakutana na mwanamume na ngamia kumi na mmoja, mmoja wao akinyonyesha. Midomo ya mtu huyo ilikuwa imepasuka. Alimsalimia Raho, akamuuliza habari.

Maji yalikuwa nyuma ya Raho, mwendo wa dakika ishirini.

"Nilisema, ni amani tu, sina habari," anasimulia, sauti yake imeshuka. "Nilisema, enda mto Tana. Tana ni nusu siku na lile jua. Alijua mimi ni mama mtu mzima, akaamini. Akaniambia asante, akashika njia."

Anajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Anasema haoni haya kwa ajili ya mfagio wala fulana. Anaona haya kwa ajili ya siku hiyo, na tangu hapo hajalala vizuri.

Sasa kila siku ya soko la mifugo anakwenda mjini, anapita katikati ya ngamia na kuwauliza madalali. Hajui jina la mtu huyo. Anachojua ni idadi ya ngamia wake, na kwamba mwenyewe alikuwa anachechemea. Amekwenda mara nne bila kumpata. Wiki hii atakwenda tena, na akimpata atamwambia dimbwi liko wapi, kwa sauti, kama habari inavyotolewa.

Mwandishi anamkumbusha kwamba sokoni hakuna siri. Karatasi bado haijatoka, na huenda wa kwanza kuchukua habari hiyo akawa mtu mwenye waya na nguzo.

"Wasikie," anasema Raho. "Asante ya yule mtu bado imekwama hapa kwa shingo yangu. Nataka kumrudishia."