Uvira Si Nje

Kurasa nyeupe zilizobaki kwenye pasipoti yangu nilizihesabu kama mama anavyohesabu watoto wakishuka garini: mara moja, halafu tena. Mimi ni mtoto wa Uvira, Kongo. Nilikuwa nasoma shahada ya pili Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, nimepanga chumba mtaa wa Kamenge. Viza ya mwanafunzi ilikuwa imelala ndani ya pasipoti, na pasipoti imelala chini ya godoro. Sikuitoa ovyo. Kashe moja, muhuri wa mpakani, hula nusu ukurasa, na ukurasa ukiisha hauoti mwingine.

Ndiyo maana dada yangu alipojifungua nilivuka kwa jetoni, kile kikaratasi cha siku chache wanachopewa majirani wanaokwenda sokoni. Nikambeba mtoto, nikala ugali na samaki, nikarudi Bujumbura kwa jetoni vilevile. Pasipoti haikuguswa. Nilijiona mjanja.

Miezi ikapita. Siku ya kutetea memwari yangu, tasnifu ya shahada, mbele ya maprofesa ikakaribia, na viza ilikuwa inakwisha siku mbili tu baada yake. Nikaenda ofisi ya wahamiaji kuiongeza. Kwenye kaunta alikaa mama mmoja mwenye miwani, anayeuliza kama mtu anayeulizia bei aliyokwisha kuijua.

“Tangu uingie na hii viza, umeshatoka inchi?”

“Apana, madamu. Nilifikaka tu Uvira, kuona mutoto wa dada.”

Foleni nyuma yangu haikuona kosa. “Uvira si inje!” akasema mzee mmoja wa kofia. “Mi naendaka kule kunyoa ndevu.”

“Muzee, ungojee zamu yako.” Mama akanigeukia. “Ulirudi na nini?”

“Na jetoni.”

Akavua miwani, akaifuta taratibu. “Basi sikia. Mwanafunzi alitoka, hajarudi. Mwenye alirudi ni mucuruzi, na siku zake ziliisha zamani. Mi niongeze viza ya nani?”

Nimebishana bei tangu nina meno ya utoto. “Madamu, si ni sura moja? Tuhesabu mutu mumoja.”

“Apana. Kwanza uyu mucuruzi arudi kwao. Kisha mwanafunzi aingie na pasipoti, kama ku mpaka watamukubali. Akiingia, mulete hapa.”

“Na wakikataa?”

“Utatetea memwari yako kule kule, mbele ya uyo mutoto.”

Foleni ikacheka. Mimi nilihesabu tena: wawili, kweli.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa Gatumba, mpakani. Askari akaipokea jetoni iliyochakaa na kupitwa na siku, akanigombeza hadi wauza mikate wakageuka kutazama, akaniruhusu nitoke. Nikavuka kamba ya kwanza ya mpaka. Ya pili, ya Kongo, ilikuwa mbele yangu.

Njia hiyo nimeipita tangu nikiwa mgongoni mwa mama, na sikuwahi kusimama pale katikati ya kamba mbili. Sasa nilisimama. Mchuuzi alikuwa ametoka, mwanafunzi hajaingia, na huyu aliyebaki na viatu vyangu sikujua ni nani. Mbele na nyuma vumbi lilikuwa lile lile. Nikaitazama kamba: ya nailoni, imefungwa vitambaa vyekundu, mbuzi mmoja akipita chini yake bila kuinamisha pembe. Kitu chepesi hivyo! Na ndicho kilichompasua mtu mmoja kuwa wawili, bila tone la damu, na mimi nisisikie chochote kwa miezi. Niliwahi kuogopa askari, niliwahi kuogopa maprofesa; kamba, kamwe. Nilitamani kuvua kofia, ila sikuwa nayo.

“We mutoto, umekwama?” Mbele yangu, akitokea upande wa Kongo, alikuwa mama aliyejitwisha beseni la ndagala, dagaa wa ziwani.

“Naogopa kurudi, mama.”

“Kurudi wapi? Uvira ao Buja?”

Nikatazama kamba moja, kisha nyingine.

“Basi toka mu njia. Samaki zangu zinajua kwenye zinaenda.”

Nikageuka, nikamfuata kuelekea Bujumbura. Yeye alipita kwa jetoni yake, haraka kama anaingia jikoni kwake. Mimi nikatoa pasipoti. Askari wa upande wa kuingia akaipekua, akaifikia viza. Akaangalia tarehe. Akaniangalia mimi.

“Imebakia kidogo sana hii. Unaingia kufanya nini?”

“Kutetea memwari, shefu. Kisha naongeza viza.”

“Unaleta nini?”

“Miye tu.”

Akahesabu siku zilizobaki kwa vidole: mara moja, halafu tena. Kisha akachukua kashe, akaanza kutafuta nafasi. Kwa mazoea mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumwomba aipige pale pembeni, ibane, iache nafasi ya nyingine. Nikaufunga. Nikanyoosha mkono, nikamfunulia ukurasa mweupe mzima.

“Hapa, shefu. Katikati.”