Kanzu Mbili za Jora Moja

Ikifika mwezi wa kumi na moja, madobi wa Bur Dubai huubadilisha mtaa harufu. Miezi yote ya joto pasi zao hupita juu ya pamba nyeupe, na pamba haina harufu ya kukumbukwa. Lakini asubuhi ya kwanza yenye upepo mkavu, wanaume huanza kutoa makabatini kanzu zao za sufu, za kijivu, za kahawia, za rangi ya zeituni iliyoiva, na pasi ikigusa sufu iliyonyunyiziwa maji hutoka harufu kama ya mnyama aliyenyeshewa, iliyochanganyika na vidonge vya kufukuzia nondo. Mimi nikiipata harufu hiyo huvuka barabara. Nina miaka arobaini na kitu. Nimefanya kazi Maskati, Doha, Mombasa, na mahali pengine ambapo sikukaa hata nguo zangu zikazoea msumari wake, na bado harufu ya sufu chini ya pasi hunivusha barabara kama mtu aliyemwona asiyetaka kumsalimia.

Nyumbani kwetu baridi ilikuwa mali ya wanaume. Tulikaa ghorofa ya tatu, nyuma ya soko la vitambaa, familia ya watu wa Unguja waliokuja huku kabla sijazaliwa. Wanawake wetu walikuwa na sare za harusi kama ilivyo desturi, kitambaa kimoja kwa ndugu wote, lakini Baba na ami Seif, mdogo wake, walikuwa na sare yao ya baridi. Kila mwaka joto likianza kulegea walichagua jora moja la sufu, wakashona kanzu kwa fundi mmoja, na Alhamisi ya kwanza ya baridi, maana siku hizo mapumziko ya wiki yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, walivaa na kwenda kulala Hatta, milimani. Juu ya kanzu walitia koti, kwa mtindo wa kwao Unguja, shali shingoni, na ami Seif alivaa soksi ndani ya makubadhi na kumwambia kila aliyemcheka kwamba baridi huingilia vidoleni. Nilikuwa nikisimama dirishani kuwatazama wakipanda gari. Mtoto hakuchukuliwa mpaka ashonewe kanzu ya jora lile lile. Nilipokuwa na miaka kumi na moja, Baba aliniambia nivae viatu twende kwa fundi.

Fundi Hirji alikuwa Mhindi aliyezaliwa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kikali kuliko chetu. Duka lake lilikuwa na upana wa cherehani mbili na kiti kimoja. "Simama wima, bwana mdogo, sipimi gunia mimi," aliniambia, huku futi yake ikinipita mabegani kama mjusi. Jora la mwaka ule lilikuwa rangi ya zeituni, na alipolikunjua mezani nililaza shavu langu juu yake mpaka akanifukuza kwa chaki. Alimshauri Baba aache pindo pana ili nikue nalo, na Baba akakubali. Kisha fundi akauliza, mkasi mkononi, "Na ile nyengine, Bwana Salum? Urefu huu huu?" Baba akajibu, "Huu huu. Usipunguze hata kidole." Ami Seif alipaliwa na kikohozi, akatoka nje. Mimi nilisimama pale moyo ukinidunda kwa furaha. Nilidhani ile nyengine ni yangu pia, ya sikukuu ya Idi, na kwamba Baba ananificha ili nishtuke. Kwa wiki nzima nilijitahidi kufanya uso wa mtu asiyejua kitu.

Alhamisi ilipofika, Mama ndiye aliyenivisha. Aliipiga kanzu pasi, kisha akaitandaza juu ya chetezo na kuifukiza udi wake mwenyewe, wenye sandali na maji ya mawardi, mchanganyiko aliofundishwa na mama yake na ambao hakumpa jirani yeyote. Ukipita ngazini ungejua kwa harufu hiyo kwamba umefika kwetu. Alinifunga kifungo cha shingoni, akanitazama sana. "Utazame vizuri, Sele," akaniambia. "Kila kitu. Halafu uje unihadithie. Mimi huko sijapelekwa hata siku moja." Nilimwahidi. Hilo ndilo lililokuwa letu, mimi na yeye: kila siku nikirudi shule nilikaa juu ya ndoo jikoni nikamhadithia, nani kapigwa, nani kalia, mwalimu kavaa nini, naye akicheka mpaka kitunguu kikaungua. Baba hakuwa msemaji. Mama alikuwa akiiona dunia kupitia kinywa changu.

Njiani nilitoa kichwa dirishani mpaka masikio yakawa mawe. "Funga kioo, sheikh," ami Seif alisema, "usije ukaganda tukamrudishia mama'ko barafu." Jangwa lilikuwa limepauka, kisha milima ikainuka myeusi, na baridi ikaanza kunipanda miguuni, baridi ya kweli, si ya kiyoyozi. Niliona fahari kutetemeka. Nilikuwa nimejipanga kuona hema, moto wa kuni, na wanaume wakisimuliana mambo. Lakini gari liliacha barabara kubwa, likapita kati ya kuta za mashamba ya mitende, likasimama mbele ya lango la kijani. Ami akapiga honi mara mbili, kama mtu apigaye honi kwake. Lango likafunguliwa na mtoto wa rika langu, amevaa kanzu yangu.

Sina namna nyengine ya kulisema. Rangi ile ya zeituni, kola ile, pindo lile pana. Nilizitazama nguo zangu mwilini kuhakikisha kwamba bado ninazo. Ami Seif alishuka akasema kwa sauti ya uchangamfu uliopita kiasi, "Nasri, mpe mkono kakako." Mtoto akanipa mkono, akanichungua bila uadui wowote. "Baba alisema utakuja ukishakuwa mkubwa," akasema. Basi yeye alikuwa akinijua. Miaka yote ile niliyosimama dirishani, kulikuwa na mtoto milimani aliyejua jina langu na kungoja kimo changu kifikie mahali. Ndani akatoka mwanamke mnene mwenye sauti laini, Bi Rahma, akanibusu kichwani na kunikaribisha kwa Kiswahili cha Pemba. Alitupakulia pilau ya mbuzi. Iwapo ilikuwa tamu sikuionja. Nilikuwa nikimtazama Baba, ambaye alivua koti lake na, bila kugeuza kichwa, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Kwetu alikuwa akitafuta mahali pa kulitundika kila siku.

Ijumaa asubuhi alinichukua mpaka kwenye mfereji wa maji unaopita kati ya mitende. Pumzi zetu zilionekana. Nilikuwa nimejiandalia hasira usiku kucha, lakini mbele yake ilinitoka. Alisema polepole, kama mtu asomaye alichokihifadhi. "Kuna kitu nimekupunguzia? Kitambaa kimoja, fundi mmoja, urefu mmoja. Mungu anaijua haki yangu." Ndipo nilipofahamu kwa nini ile nyengine haikupunguzwa hata kidole. Mtu mwenye nyumba mbili ameamrishwa kuzipimia sawa, na Baba aliogopa dhambi ya kupunja kuliko alivyoogopa dhambi ya kuficha. Alipima watoto wake kwa futi ya fundi, akaona amemaliza. Nilimuuliza, "Mama anajua?" Akatazama maji. Kisha akavua shali yake, akanizungushia shingoni, ikiwa bado na joto lake. "Wewe sasa ni mwanamume," akasema. "Anayevaa sufu hii hufunga kinywa. Ya mlimani yanabaki mlimani." Nakiri hapa jambo ambalo sijawahi kulikiri: kwa muda mfupi, shali ile shingoni, nilijiona mkubwa. Nilitikisa kichwa kukubali. Kabla ya sala ya Ijumaa Bi Rahma alituita wote wawili, mimi na Nasri, akatusimamisha juu ya chetezo chake, akatufukiza. Udi wake ulikuwa mzito, wa ambari na miski.

Wazee husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilipanda ngazi zetu jioni ile nikiwa nacho nguoni kweli. Baba alibaki chini akitoa mizigo garini, polepole mno kwa mizigo miwili. Mama alifungua mlango, akanishika kola ili anibusu, akasita. Alivuta pumzi. Nikaona uso wake ukitulia, kama maji ya sufuria moto ukizimwa.

"Nani kakufukiza?"

"Hotelini, Mama."

"Hotelini wanafukiza nguo za watoto?"

"Ndiyo."

"Na baridi je?"

"Kidogo tu."

Akanigeuza kwa mabega, kama alivyonigeuza fundi. Akanyoosha mgongo wa kanzu, akashuka mpaka kwenye pindo, akalipangusa vumbi la mlimani. "Imekuenea," akasema. "Imekuenea kama ya babaako." Akaenda jikoni. Siku ya pili nilirudi shule nikakaa juu ya ndoo, nikaanza kuhadithia ugomvi fulani wa darasani. Aliendelea kumenya viazi. Hakuniuliza nani kaanza. Hakuniuliza tena kitu chochote tangu siku ile. Nikisema alisikiliza kwa adabu, kama asikilizavyo mgeni.

Mwaka uliofuata nilisingizia homa, na mwaka uliofuata huo nikasingizia mtihani, mpaka Baba akaacha kuniambia nivae viatu. Nilimchukia kwa jambo moja kuliko mengine yote. Mke wa pili si ajabu kwetu. Wengine wanao na majirani wanajua. Lakini Baba alichukua ahadi niliyompa mama yangu akanifanya niivunje mwenyewe, kwa mdomo wangu, kisha akaiita haki. Nilipomaliza sekondari niliondoka. Sikukaa popote. Kila mji nilioingia nilihisi upo mlango ambao nyuma yake kuna msumari nisiouona. Baba alipofariki, mimi na Nasri tulishuka kaburini pamoja kumpokea, na eda zao zilipokwisha Bi Rahma akaja kumpa Mama mkono wa pole. Mama alimmiminia kahawa mwenyewe. Hapo hapakuwa tena na siri, lakini lile baina yangu na Mama halikuguswa. Nguo hukaa sandukuni miaka, na nondo hawahitaji ruhusa.

Nimerudi Dubai miaka mitatu sasa, nakaa na Mama, ambaye magoti hayamruhusu tena ngazi. Mapumziko ya wiki yamehamia Jumamosi na Jumapili. Hatta imekuwa safari ya saa moja na nusu, barabara laini, na vijana huenda huko kwa baridi wakiwa wamevaa sweta za shingo ndefu, makoti marefu na mabuti, wakapigana picha wameshika vikombe vya kakao huku jasho likiwatoka kwapani. Nawatazama katika simu na siwacheki. Angalau wao wanaonyesha walikolala. Nasri sasa ni mtu mzima mwenye mvi, na kila mwaka hunitumia picha ya jora alilonunua. Mwaka huu ni la kijivu. "Kaka, lete vipimo," ameandika, kama kila mwaka.

Ujumbe uliingia nikiwa nimekaa na Mama, asubuhi, madirisha wazi, na dobi wa chini ameshaanza kupiga pasi sufu. Hapakuwa na barabara ya kuvuka. Nikajisikia nikisema, "Mama, ile hoteli haikuwa hoteli."

"Najua," akasema, bila kuacha kuchambua mchele.

"Tangu lini?"

"Tangu huyo Nasri yumo tumboni. Mji huu una Waunguja wangapi, nisijue?"

"Sasa kwa nini uliniambia nitazame vizuri? Kwa nini ukaniuliza?"

Akaweka ungo chini. Macho yake yana ukungu siku hizi, lakini alinipata. "Babaako nilikuwa nimeshamaliza kumngoja," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Nilidhani nimelelewa na mtu mmoja aliyenisaliti. Ilinichukua miaka zaidi ya thelathini kusikia kwamba nyumba ile ilikuwa na wasaliti wawili, na mmoja alivaa kanzu fupi yenye pindo pana. Nikamhadithia. Lango la kijani, honi mbili, pilau, sauti ya Bi Rahma, msumari nyuma ya mlango, shali yenye joto, maji ya mfereji. Alisikiliza kama zamani, kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja, ila hakucheka popote. Nikafika mwisho. Kisha akauliza lile swali moja lililokuwa limebaki.

"Na baridi je?"

"Kali, Mama. Sufu haikufaa kitu."

"Basi ungeniambia hivyo tu," akasema, akaurudia mchele wake.